Mshumaa wa Faraday na Mikono ya Watoto Wetu

Wazee walisema, "Elimu bila amali ni kama nta bila asali." Mithali hii tumeisikia tangu utoto, na sisi walimu twapenda kuiandika ubaoni siku wazazi wajapo shuleni. Walakini tukiulizwa asali ya masomo yetu ya sayansi iko wapi, wengi wetu twainamisha vichwa. Kwa hiyo mwezi huu tumependa kuwaletea wasomaji habari za kitabu kimoja kidogo kinenacho juu ya nta yenyewe, yaani juu ya mshumaa, tupate kukipima: kina faida gani kwa shule za vijijini, na kina upungufu gani. Tutakisifu, maana chastahili sifa. Tena tutakilaumu kwa jambo moja, na lawama hiyo itaturudia sisi wenyewe, kama msomaji atakavyoona.

Kitabu hicho chaitwa The Chemical History of a Candle, maana yake Habari za Kikemia za Mshumaa. Mwenye maneno hayo ni Michael Faraday, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara nyingi, na nyumba yao haikuwa na mali. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipokuwa na miaka 14 alitiwa kwa mwenye duka la kujalidi vitabu awe mwanagenzi wake, akakaa huko miaka 7. Vitabu alivyoletewa kuvijalidi alivisoma, na alilolisoma alilijaribu kwa mikono yake, kwa vyombo vya senti chache alizoweza kuziweka. Mwaka 1812 akapata nafasi ya kumsikiliza Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa siku zile. Akayaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi vizuri, akampelekea mwenyewe. Mwaka uliofuata Davy akampatia kazi ya msaidizi. Huyo mtoto wa mhunzi ndiye aliyegundua, mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa huzaa umeme; na mitambo ya maji ya Kidatu na Mtera yafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo hata leo.

Nyumba ya elimu alikofanya kazi Faraday yaitwa Royal Institution, nayo iko London. Tangu mwaka 1825 nyumba hiyo ina desturi ya kuwafundisha vijana sayansi wakati wa Krismasi, na desturi hiyo ingaliko, isipokuwa ilikatizwa miaka michache ya vita. Faraday mwenyewe aliwafundisha vijana hao mara 19. Mwisho wa mwaka 1860 na mwanzo wa 1861 aliwapa masomo 6 juu ya mshumaa. Maneno yake yakaandikwa kama alivyoyasema, na William Crookes akayatengeneza yakapigwa chapa mwaka 1861. Hivyo kitabu hiki hakikuandikwa mezani. Ni sauti ya mwalimu aliyesimama mbele ya watoto, mshumaa mkononi, na ukikisoma wasikia kana kwamba nawe umeketi miongoni mwao.

Sasa tutazame machache yaliyomo, na msomaji mwenye mshumaa aweza kuyajaribu usiku huu nyumbani kwake.

Faraday ataka kwanza tuutazame mshumaa unaowaka mahali pasipo upepo. Baada ya kitambo kidogo juu yake hufanyika kikombe. Ukingo wake umesimama mgumu, na nta iliyoyeyuka imetulia ndani bila kumwagika. Ni nani aliyekifinyanga kikombe hiki? Yeye aeleza kwamba moto huipasha hewa, na hewa yenye joto hupanda juu. Hewa ya baridi huja toka chini kushika mahali pake, nayo ikipita kandokando ya mshumaa huupoza ukingo, usiyeyuke. Karibu na utambi joto ni kubwa, nta huyeyuka. Basi moto wenyewe, kwa kuivuta hewa, wajitengenezea chombo cha kutilia chakula chake. Ukiupeleka mshumaa penye upepo kikombe hubomoka upande mmoja, na nta huchuruzika. Sote tumeliona jambo hilo mara elfu, wala hatukuuliza.

Kisha auliza: ni kitu gani hasa kiwakacho? Tungejibu upesi kwamba ni utambi, au ni nta. Faraday auzima mshumaa taratibu, na moshi mweupe wapanda toka kwenye utambi. Aleta kijiti chenye moto, hakigusi utambi, akiweka tu katika njia ya ule moshi, mbali kidogo. Mara moto washuka kwa kuufuata moshi na mshumaa wawaka tena. Moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke. Nta ngumu haiwaki, na nta ya maji haiwaki. Huwaka mvuke wake. Na kama mtu ana shaka, Faraday aingiza mrija wa kioo katikati ya ulimi wa moto, pale penye weusi, auvuta mvuke upande wa pili, auwasha huko mbali. Mshumaa mmoja, mioto miwili.

Tena achukua kipande cha karatasi, akilaza kwa kukipitisha katikati ya ulimi wa moto, akiondoa upesi kabla hakijashika. Karatasi yaonyesha alama ya pete: pande zote imeungua, na katikati ni nyeupe. Maana yake ndani ya ulimi wa moto hapana joto kali, kwa kuwa hewa haijafika huko. Joto liko ukingoni, palipokutana mvuke na hewa. Kwa hiyo twajua kwa nini kibatari hutoa masizi mengi, na taa yenye chimni huwaka safi: chimni yavuta hewa.

Tena atuonyesha kwamba moto huzaa maji. Asiyesadiki ashike bilauri kavu, safi, baridi, juu ya mshumaa kwa kitambo kidogo, ataiona imefanya ukungu ndani. Na mama zetu hawana haja ya kuambiwa, maana wameona sufuria ya baridi ikitoka jasho chini mara inapotekwa juu ya moto. Mwisho aleta maji ya chokaa, yaliyotuama yakachujwa yakawa maangavu, ayatia katika chombo chenye hewa iliyotoka kwenye mshumaa, nayo yageuka kama maziwa. Kisha apuliza pumzi yake mwenyewe katika maji mengine ya chokaa kwa mrija, nayo yageuka vile vile. Basi ndani yetu pia kuna kuungua kusikoonekana. Faraday asema kwamba mtu mmoja kwa mchana na usiku hugeuza wakia 7 za kaboni, yaani kama gramu 200, kuwa hewa ile ile itokayo kwenye mshumaa. Mtoto aliyefika hapa ameanza na kitu cha dukani cha bei ndogo, naye amefika kifuani mwake.

Hizi ndizo sifa za kitabu hiki. Kwanza, chaanza nyumbani. Vitabu vingi vya shule huanza na jina gumu, kisha maana ya jina, kisha mfano. Na mtoto huchoka kabla ya kuufikia mfano. Faraday aanza na kitu ambacho kila mtoto amekishika, na jina gumu huja mwishoni, linapohitajiwa. Pili, kila jambo lazaa jambo. Haruki. Kikombe chaleta utambi, utambi waleta mvuke, mvuke waleta hewa, hewa yaleta pumzi. Tatu, awaambia watoto waziwazi kwamba kila waonapo tokeo, hasa likiwa jipya, waulize limetoka wapi na kwa sababu gani. Hata mshumaa ulioharibika kwa upepo haukatai. Asema kuharibika kwake kwatufundisha yale ambayo mshumaa mzuri hautufundishi.

Nguvu ya kitabu hiki imeonekana mbali na Uingereza. Yoshino Akira wa Japani, mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yao ya kutengeneza betri za lithiamu, zile zilizomo katika simu zetu, amesimulia kwamba alipokuwa shule ya msingi mwalimu wake alimwambia akisome kitabu cha mshumaa, na tangu hapo akaipenda kemia. Ndugu walimu, lizingatieni neno hilo. Mwalimu yule hakujenga maabara. Alimwonyesha mtoto kitabu kimoja, naye mtoto akaenda nacho.

Sasa twaja kwenye lawama. Katika masomo yote 6, mikono ifanyayo kazi ni ya Faraday na ya msaidizi wake. Watoto wameketi. Watazama, wafurahi, washangaa, lakini mshumaa hauko mikononi mwao. Ni kweli kwamba awahimiza wakajaribu kwao nyumbani. Walakini katika kitabu chenyewe hatusikii mtoto aliyejaribu akashindwa, wala mtoto aliyeona kitu tofauti na alichokiona mwalimu. Kila jaribio latokea kama lilivyotabiriwa. Mwenye kunena alijua jibu kabla ya kuwasha kibiriti. Tena toka katikati ya kitabu vyombo vyazidi kuwa vya gharama: madini ya potasiamu yawakayo yakiguswa na maji, betri kubwa za umeme, chupa nene za chuma zipasukazo kwa nguvu ya barafu. Mambo hayo ni ya kutazamwa kwa mbali, wala si ya kushikwa na mtoto. Mwalimu wa kijijini akifika hapo hufunga kitabu, akasema, "Haya ni ya wenye maabara."

Wengine watasema twamwonea Faraday. Alikuwa na ukumbi uliojaa watu. Angewezaje kumpa kila mtoto mshumaa na moto? Neno hilo ni haki, nasi hatumlaumu yeye kama twavyojilaumu sisi tulioiga kuketisha kwake watoto, bila kuiga kuuliza kwake. Na ili tusionekane tunanena hewani, yatupasa kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe, ingawa latuaibisha.

Lipo jaribio moja la mshumaa lililoenea sana katika shule, la kale kabisa, maana Philo wa Byzantium aliliandika zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mshumaa husimamishwa katika sahani, sahani hutiwa maji, mshumaa huwashwa, kisha hufunikwa kwa bilauri. Baada ya kitambo moto huzimika na maji hupanda ndani ya bilauri. Vitabu vingi vya shule husema kwamba maji yamepanda kushika mahali pa oksijeni iliyoliwa na moto. Oksijeni ni kama sehemu 21 katika 100 za hewa, na maji nayo, wasema, hupanda kama sehemu ya tano ya bilauri. Basi jambo limethibitika.

Nasi tulilifundisha hivyo miaka mingi. Mwaka mmoja, katika darasa la sita, tuliandika ubaoni kwanza, "Maji yamepanda kwa sababu oksijeni imekwisha," ndipo tukawasha mshumaa juu ya meza yetu, watoto sabini wakitazama, wa nyuma wamesimama juu ya madawati. Maji yakapanda, watoto wakapiga makofi. Msichana mmoja wa nyuma, mtoto asiyesema sana, akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mbona maji yamengoja moto uzimike ndipo yakapanda? Kama moto ndio uliokula hewa, si yangepanda ulipokuwa unawaka?"

Hatukuwa na jibu. Tungalisema hivyo ingalikuwa vyema, lakini tulimwambia, "Wewe umekuja kusoma au kubishana? Andika yaliyo ubaoni." Darasa likacheka. Akaketi, akaandika yaliyo ubaoni, na muhula ule wote hakuinua mkono tena.

Swali lile likatukalia moyoni kama mwiba. Usiku mmoja tulichukua sahani, chupa ya jamu na mishumaa mitatu, tukafunga mlango. Tulipofunika mshumaa mmoja na kutazama kwa makini, tukaona mambo mawili ambayo hatukuyaona kwa miaka yote tuliyofundisha. La kwanza, tulipokuwa tukiishusha chupa, mapovu yalitoka chini ya ukingo wake: hewa iliyopashwa moto ilikuwa ikipanuka na kukimbia nje. La pili, maji yalikaa karibu pale pale moto ulipokuwa ukiwaka, na ulipofifia na kuzimika ndipo yakapanda kwa haraka. Msichana yule alikuwa ameona sawasawa kutoka nyuma ya chumba, sisi tuliosimama karibu hatukuona. Kisha tukawasha mishumaa yote mitatu pamoja, tukaifunika kwa chupa ile ile. Oksijeni ya chupa haikuongezeka. Walakini maji yalipanda karibu mara mbili ya kwanza. Ikawa wazi kwamba kipimo cha maji hakikuwa kipimo cha oksijeni. Kilikuwa zaidi kipimo cha joto.

Hatimaye tuliondoa mshumaa kabisa. Tuliipasha chupa kwa maji ya moto kidogo kidogo isipasuke, tukayamwaga, tukaifudikiza upesi katika sahani yenye maji ya baridi. Hapakuwa na moto wa kula oksijeni, na maji yakapanda hivyo hivyo. Maana hewa ya ndani ikipoa husinyaa, na mvuke hugeuka maji, nayo hewa ya nje husukuma maji ya sahani yaingie. Tena wenye vipimo vizuri wamekwisha kupima hewa iliyobaki baada ya mshumaa kuzimika katika chombo, wakakuta oksijeni ingalimo, kama sehemu 16 katika 100. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua, haingoji imalizike. Na mahali pa ile iliyotumika pengi hushikwa na kabonidioksidi. Sentensi yetu ya ubaoni ilikuwa uongo, nasi tulikuwa tumeithibitisha kwa jaribio, mbele ya mashahidi sabini, mwaka baada ya mwaka.

Juma lililofuata tulimwita msichana yule mbele, tukalieleza darasa kwamba yeye aliona na mwalimu hakuona. Tuligawa watoto makundi, kila kundi kopo la mchanga kando yake kwa ajili ya hatari ya moto, nywele zimefungwa na mikono ya nguo imekunjwa. Wengine walifunika mshumaa mmoja, wengine mitatu, wakafunga uzi nje ya chupa kuonyesha maji yalipofika. Si makundi yote yaliyofanikiwa. Kundi moja lilimwaga maji, na jingine halikuona tofauti kwa sababu sahani yao ilikuwa na maji machache mno, hewa ikaingia chini ya ukingo. Lakini walijua sababu ya kushindwa, wakarudia. Ndipo mvulana mmoja akauliza swali lililotuchoma kuliko lile la kwanza: "Basi, mwalimu, katika mtihani tuandike lipi?"

Tulimwambia aandike lililo kweli na aeleze alijuaje. Hatukumdanganya kwamba ni hakika atapewa alama, kwa kuwa kitabu walichopewa kilisema vingine, na asahihishaye ana majibu yake mkononi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, ndugu wasomaji. Ni rahisi kusema "masomo kwa vitendo," na siku hizi kila mtu asema. Lakini vitendo vikiongozwa na jibu lililoandikwa kabla havitofautiani na kukariri. Ni kukariri kwa mikono. Jaribio huwa jaribio pale tu ambapo kitu kilicho mezani kina ruhusa ya kumpinga mwalimu.

Nchi yetu ina mfano wake, unaojulikana na wataalamu wa dunia. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kutengeneza barafu za maziwa: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyatia katika mashine ya kugandisha. Siku moja, akichelea kukosa nafasi, aliyatia yakiwa moto. Na ya kwake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, neno hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Na wenzake wakalifanya kuwa neno la kumcheka. Hakukoma. Alijaribu kwa maji katika vyombo viwili vya kipimo kimoja. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipozuru shule ile, Mpemba akasimama mbele ya wote na kuuliza. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda, akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wote wawili wakaliandika pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Msomaji asidhani tumemleta Mpemba ili kusema kwamba mtoto daima ni sahihi na mwalimu daima amekosa. Mpaka leo wataalamu hawajapatana juu ya jambo lile. Wako waliorudia vipimo kwa uangalifu wasilione, na wako wasemao kwamba huonekana penye masharti fulani. Lakini Osborne hakumwambia Mpemba kwamba amesema kweli. Alifanya lililo bora: alikwenda kupima. Tofauti ya walimu wale wawili na mgeni yule haikuwa ya elimu, kwa maana walimu nao walikuwa wamesoma. Ilikuwa ya kukubali kwamba barafu yaweza kujua jambo ambalo kitabu hakikulisema.

Basi twarudi kwenye kitabu chetu. Je, mwalimu wa kijijini akitafute? Twasema, ndiyo, akitafute, akisome jioni kwa jioni. Masomo mawili ya kwanza karibu yote aweza kuyafanya darasani kwa mshumaa, karatasi, bilauri na kibiriti. Na mambo ya maji ya chokaa atayafanya akipata chokaa mpya, akiangalia watoto wapulize kwa mrija wala wasivute. Hayo yenye potasiamu na chupa za kupasuka ayasimulie tu. Lakini asikitumie kama alivyokitumia Faraday. Aache kusema mwisho wa jambo. Awape watoto mshumaa kwanza, awaulize wadhani kutatokea nini, waandike dhana yao, ndipo wawashe. Na sentensi ya ubaoni iandikwe baada, tena iandikwe na wao.

Twajua vizuizi. Darasa lina watoto wengi, saa ni fupi, mishumaa hununuliwa kwa fedha ya mwalimu mwenyewe, na mkaguzi akija huangalia madaftari kama yamejaa. Yote ni kweli, nasi hatuyapuuzi. Lakini msichana yule hakutuomba maabara. Alituomba tutazame tena, na kutazama tena hakuna bei.

Ninyi nanyi wazazi mnasehemu yenu. Mtoto akutwapo amevunja redio mbovu apate kuona yaliyomo, au ametengeneza gari la makopo, au ameshika kioo juani aone kama majani makavu yatashika moto, sisi watu wazima twaona utundu tu, tukatafuta fimbo. Akatazwe hatari, ndiyo. Moto na umeme si vitu vya kuchezea. Walakini kabla ya fimbo, aulizwe alikuwa akitafuta nini. Faraday alianza vivyo hivyo, katika duka la bwana wake, na bwana yule hakumfukuza.

Mwisho wa somo lake la sita Faraday awatakia vijana wale wawe kama mshumaa, wawaangazie walio karibu nao. Wasomaji wetu watakumbuka taa iwekwayo juu ya kiango ili iwaangaze wote waliomo nyumbani. Nasi twamwomba kila mwalimu asomaye maneno haya ajaribu kwa mikono ya watoto wake lile jambo la mshumaa mmoja na mitatu, kisha atuandikie waliyoyaona. Kama wameona tofauti na tulivyoeleza hapa, atuandikie upesi zaidi, aseme na chupa yao ilikuwa ya ukubwa gani, nasi tutarudia.